Plau Isiyokuwa na Chaki

Jumatatu, 3 Machi

Zimeingia plau nne na haro mbili za kulainishia udongo kutoka shamba lililofilisika. Kutu tupu! Kaka, mwenye yadi, anataka bei zote kabla ya Ijumaa.

Diski nimezipima kwa rula. Zilizolika sana nimeziandikia bei ya chuma chakavu. Beringi nimezitikisa. Kisha nyundo. Hiyo ndiyo wateja wanayoijia: kumwona mama mtu mzima anagonga fremu huku amefumba macho. Fremu nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hulia kama sufuria mbovu. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha, na yadi hii inauza kwa jina la sikio langu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia: ile kengele siisikii tena. Mwaka wa pili huu. Maneno nayapata, mtu akiwa mbele yangu. Chuma – hapana. Nagonga, nafumba macho, naigiza. Mwizi wa mchana!

Kinachoniokoa ni chaki. Fundi wetu wa kuchomelea hupita kwanza na kutia alama ndogo penye ufa, nadhani asisahau pa kuziba. Nikiona chaki nashusha bei. Nisipoiona nasema nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Plau nyekundu ya diski tatu imepata mtu. Mwalimu mstaafu, kanunua kwa kiinua mgongo chake. Akaniuliza, mama, nzima kweli? Nikagonga mara tatu. Nzima, mwalimu. Bei ya juu kabisa, na wala hakuomba kupunguziwa. Ataichukua Jumamosi.

Chaki haikuwepo. Kaka aliipaka plau rangi jana, inameta.

Fundi hajaonekana tangu Jumatatu mchana. Mwanawe kalazwa.

Jumanne, 11 Machi

Imevunjika.

Mwalimu kapiga simu. Dereva wake wa trekta alikuwa ameinua plau, akainama kung'oa majani yaliyozonga diski. Fremu ikakatika. Plau yote ikamwangukia mguuni. Wamemkata mguu juu ya kifundo.

Ana watoto watatu, mwalimu kasema. Kaka alikuwa anayarudia maneno yake kwa mshangao, nikayapata mdomoni mwake.

Sijala. Siwezi.

Jumatano, 12 Machi

Fundi hakuwepo! Plau ile hakuifikia! Ndiyo maana haikuwa na chaki. Na mimi nilijua hayupo, nimeandika kwa mkono wangu hapo juu, na bado nikasema nzima.

Kaka keshampata wa kumbebesha lawama. Anasema Alhamisi plau ililia vizuri, dada kaigonga mbele ya mteja. Fundi karudi Ijumaa, akachomelea sikio jipya la kufungia plau kwenye trekta. Basi moto wake ndio uliopasua fremu! Fundi akasema, bosi, mimi nilichoma mbele, imekatika nyuma, tena pale pana ufa wa zamani chini ya rangi. Kaka akafoka: dada asiusikie, wewe ndiye uuone?

Fundi akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Kafukuzwa. Kaka anasema Jumamosi mwalimu anakuja, fundi akubali kosa mbele yake, la sivyo polisi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wahenga hawakutuambia kuwa kilio chenyewe kitatoka nyumba ya mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa fundi. Mkewe kanipa kiti kizuri, yeye akakaa juu ya ndoo. Mtoto amerudi, amekonda, lakini anacheza.

Nikaanza kuzunguka zunguka na maneno. Fundi akanikatiza kwa upole. Dada, alisema, mimi nilijua tangu mwaka jana. Lori lilikupigia honi nyuma yako pale getini, hukugeuka.

Na chaki?

Chaki nilikuwa nakuwekea wewe, alisema. Mimi ufa nauona bila chaki.

Ee Mungu wangu. Mwaka mzima! Nilipita nikiiba alama zake, kumbe ni zawadi. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia kaka. Akasema, ungelala wapi, dada? Anajua kuwa tangu niachike chumba ninacholala ni cha kaka, ndani ya yadi hiyohiyo. Akaongeza kuwa hata yeye ana kosa lake. Ijumaa alitaka kuigonga ile plau, akaona imeshauzwa, akanyamaza.

Hakuniomba chochote. Angeniomba ningejua la kujibu. Nimeondoka bila kumuahidi kitu, na naona haya hata kuliandika hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka, nimejifungia stoo. Nimewaambia naleta miwani. Miwani iko kichwani.

Wako ofisini: kaka, mwalimu, fundi, na mke wa dereva ambaye hatukumtarajia. Mwanamke mdogo, kashika kiatu cha mumewe ndani ya mfuko wa plastiki. Kimoja.

Kaka ameandika karatasi. Inasema fremu niliigonga, ikalia nzima. Anataka nitie sahihi mbele yao. Kisha akamwambia mwalimu, sikio la dada yangu halijawahi kukosea, uliza popote. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ananiamini, masikini! Fundi alikuwa anatazama sakafu. Hakuinua macho hata mara moja, nadhani asije akanishurutisha.

Nikisema kweli, sina kazi, sina chumba. Na zile nyingine nilizosema nzima siku ambazo fundi alikuwa mgonjwa, au safarini? Ziko mashambani sasa hivi. Kuna mtu anainama chini ya mojawapo. Hilo sikuliwaza hadi nilipomwona yule mama na mfuko wake.

Karatasi ninayo hapa. Nimeigeuza. Upande wa nyuma nimeandika "Mimi sisikii" – na kalamu imegoma hapo. Niandike tangu lini. Niandike zipi, kwa akina nani. Kwanza ile haro ya

Mlango unatikisika, komeo linaruka. Inaonekana wamebisha muda mrefu.