Baba Yuko Shambani

Nshambya, Bukoba
Alhamisi, Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima, ila mitihani imenikondesha kidogo. Natumaini nyote hapo Newala mmeamka salama. Najua utashangaa kuletewa barua na Omary wa jirani badala ya kusikia simu yangu, sababu utaiona.

Mwaka wa kwanza wa chuo unaisha. Ile hofu ya kuja Uhayani peke yangu ilikwisha zamani, na ndizi za kupika sasa nakula bila kuuliza ugali uko wapi. Aliyenizoesha ni Edvina, binti wa Muleba ninayeishi naye chumba kimoja. Pasaka alinipeleka kwao. Baba yake, mzee Kahangwa, alinipa punje za kahawa za kutafuna, ndivyo wanavyomkaribisha mgeni huku. Mimi nikazimeza nzima nzima kama vidonge. Mzee alicheka mpaka machozi, akaniita mwana wange, yaani mwanangu.

Mama, mzee huyo amefariki. Wiki iliyopita walimzika nyumbani, kwenye migomba yake, na Edvina hajui. Kaka yake, Rutashobya, alinipigia mimi. Alisema ukoo umeamua binti asiambiwe mpaka amalize mitihani, asije akafeli. "Wewe ndiye utamleta nyumbani," aliniambia. "Usilie mbele yake." Nilitaka kukataa, lakini mgeni atapingaje uamuzi wa ukoo wa watu?

Basi nakaa naye. Kila jioni anapiga simu kwao, anaambiwa baba amelala, baba yuko shambani. Anacheka kwamba mzee siku hizi anaringa. Jana alimnunulia sweta sokoni, akanivalisha mimi aone urefu wa mikono. Nikanyoosha mikono apime, Mama. Nikimwambia namharibia, nikinyamaza namsaliti. Kesho anamaliza, na Jumamosi tunapanda basi la Muleba.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Tangu mwezi uliopita, kila nikimuulizia Baba unanijibu yuko shambani, anapuliza salfa kwenye mikorosho. Nilikuwa naamini. Simuni ungenijibu haraka kama siku zote, na mimi ningekubali kwa sababu naogopa. Mimi bado nina mitihani miwili wiki ijayo. Tafadhali usiingoje iishe ndipo uniambie.

Wasalimie wadogo zangu. Shikamoo ya Baba siiandiki hapa. Anipigie mwenyewe nimpe, hata akiitika kwa kukohoa nitamjua.

Mwanao,
Maimuna