Jumapili Tuliyomwogesha Siwema

Mama uliyetangulia,

Nimekaa kando ya Ngerengere, kwenye jiwe ulilokuwa ukifulia. Unakumbuka nilivyoogopa samaki waliponigusa miguu? Ulicheka, ukaniambia, "Wanakuamkia tu, mwanangu. Waitikie marahaba."

Tangu Wadachi waweke mashine ya mkonge huko juu, mto umebadilika. Maji hushuka ya kijani, mazito, yenye harufu ya kitu kilichooza. Asubuhi samaki hukusanyika juu, midomo wazi, wote wakitazama upande mmoja. Vyura wamenyamaza. Chini ya maji hupepea nyuzi nyeupe za mkonge. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani ni nywele za mtu aliyelala, nikakuita.

Mwezi huu dada Siwema alikuwa atolewe ndani, aogeshwe hapa ulipoogeshwa wewe ulipokuwa mwali. Lakini binti wa jirani aliyemtangulia kuogeshwa alitoka majini ngozi ikiwaka, macho yamevimba hata hakuona njia. Mama mdogo akakataa kumtoa Siwema. Mjomba akasema mizimu imekasirika, akamwaga pombe mtoni. Povu likaimeza, maji yakabaki vilevile.

Nikamwambia, "Mjomba, Jumapili mashine hulala. Jioni maji huwa meupe kidogo."

"Kumbe siku hizi mizimu nayo inakwenda kanisani, mpwa wangu?"

Wote walicheka. Hata hivyo Jumapili ilipofika alikuja mwenyewe, akachota maji kwa kiganja, akayanusa kwa muda mrefu. Hakufanya mzaha tena.

"Mtoeni leo," akasema.

Tukamwogesha Siwema jua likiwa bado halijazama. Wanawake walisahau kuimba. Kulikuwa kimya mno, Mama, hata tuliyasikia maji yakimtiririka mgongoni. Nyuzi zilimzunguka vifundoni, nami nikawa nazitoa, na kila nilipotoa zilikuja nyingine. Mama mdogo alikuwa akimuuliza, "Yanawasha? Sema kweli, yanawasha?" Hayakuwasha. Alitoka akiwa mzima, macho yake maangavu kama yako.

Jumatatu asubuhi tulijikuta sote tumerudi ukingoni, ingawa hakuna aliyemwita mwenzake. Mashine ikaanza kunguruma kwa mbali. Tukangoja. Kisha ukijani ukatokea kwenye kona ya mto, ukashuka taratibu, kama mtu anayerudi kwake na kukuta wageni.

Mjomba aliutazama mpaka ukatufikia.

"Mizimu hii ina bwana wake," akasema. "Nitamwendea nimwambie achimbe shimo la makapi yake. Nawe utakuja. Si umefundishwa maneno ya Wadachi huko shuleni?"

Tunakwenda kesho. Nimejaribu maneno yale mara nyingi, na sauti bado inatetemeka. Ila nitayasema, Mama, kwa sababu mwakani mwali ni mimi, na ningependa kuogeshwa siku yoyote watakayochagua.

Pumzika kwa amani.

Kitindamimba wako