Ukuta Unaoijibu Honi

Machimboni, 3 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na Mama ameacha kukugombeza kwa kupanda ngazi. Mimi na mdogo wangu wazima, ila vumbi la mawe tunalila asubuhi na jioni.

Nimepandishwa cheo! Swichi ya baruti sasa ni yangu. Nakaa kibandani juu ya kilima, mdogo wangu na wenzake wako chini wakijaza mashimo. Honi moja, bado kuna watu, nisiguse. Honi mbili na taa ya kijani, wametoka, nalipua. Ni sheria ileile ya enzi zako. Siku za ukungu taa haionekani, basi msimamizi anasema honi inatosha.

Kichekesho ni kwamba ule ukuta wa mawe tumeuchimba hadi umerudi nyuma sana, na siku hizi unaijibu honi! Ningekupigia simu usikie, lakini mtandao haufiki huku, na masikio yako uliyaacha hukuhuku.

Binti yako

*

Nyumbani, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Kichekesho chako hakinichekeshi.

Zamani ukuta ulikuwa karibu, mwangwi ukarudi honi ikiwa bado inalia, tukasikia kitu kimoja. Sasa sauti ina safari ndefu, kwa hiyo mwangwi unafika peke yake, umechelewa. Kukiwa kweupe taa itakusahihisha. Kwenye ukungu, honi moja utaisikia mbili. Na mdogo wako yuko chini!

Mwambie msimamizi leo hii. Akibisha, ondoka kwenye swichi. Nijibu kwa lori hilohilo lililoleta barua hii.

Baba yako

*

Nyumbani, 16 Juni

Mwanangu,

Hamjambo? Lori limerudi mikono mitupu. Dereva anasema ukungu ulimkwamisha njiani, na alipofika alikuta mashine zote zimezimwa, hakuna aliyetaka kuzungumza naye. Barua yangu aliiacha kwa mlinzi.

Mama yako nimemwambia mko salama. Nimemdanganya. Andika hata neno moja.

Baba yako

*

Machimboni, 18 Juni

Baba,

Shikamoo. Tu wazima wote wawili. Naanza na hilo.

Barua yako ilikuwa bado njiani ukungu ulipotufunika. Honi ikalia. Mbili, Baba, nilizisikia kabisa. Mkono ukaenda kwenye swichi. Msimamizi akasema, "Washa basi, unangoja nini?"

Nikakumbuka nyumbani. Tangu masikio yako yaondoke tunakuita kwa kuzima na kuwasha taa ya sebuleni, na hakuna anayefungua mdomo mpaka uinue mkono. Hata Mama akiwa amefura anangoja mkono.

Nikamwambia, "Sijaona mkono wa mtu." Akafoka. Nikachomoa nyaya, nikashuka nikipapasa mawe. Nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti, bado anafunga waya kwenye shimo la mwisho. Akaniuliza, "Dada, mbona unalia?"

Mpiga honi anaapa alipiga moja tu.

Kazi ilisimamishwa, tukahojiwa wote, ndiyo maana dereva alikuta kimya. Sasa tumevuta kamba kutoka chini hadi kibandani. Wa chini wasipoivuta, silipui.

Nijibu upesi.

Binti yako

*

Nyumbani, 22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Nimeinua mkono. Mama yako anauliza nampungia nani.

Baba yako