Jina Lako Mlangoni Mitwero

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Marahaba yako nitaidai siku tukionana. Leo sikiliza tu, maana wallahi nina habari tamu kuliko halua.

Mama yake Athumani, yule karani wa bomani, amefariki, kule Mitwero. Alikuwa bibi mwema, Mungu amrehemu. Ugomvi wangu ni na mwanawe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijifundisha Kiingereza, ukisalimia hadi mbuzi? Ukaenda bomani kuomba kazi, ukamtaja mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwa "he", neno lao la kumtajia mwanamume. Sasa hilo nalo kosa? Kwetu yeye ni yeye, awe mume, awe mke. Mzungu mwenyewe alitabasamu tu. Athumani ndiye aliyeshika mbavu, akatoka hapo kuitangazia Lindi nzima: "Hamisi kamgeuza memsahibu dume!" Basi ukaitwa Memsahibu Dume, hadi na watoto wa chuo cha Kurani. Ukarudi Kitomanga, ukanyamaza, si Kiingereza wala Kiswahili. Homa ilikukuta umekwisha kata tamaa.

Na siku ya maziko yako akaja! Ukoo wao na wetu ni watani, na mtani msibani hakasirikiwi. Akalizuia jeneza lako, na alipopewa kuku wake wa utani akapaza sauti: "Mpisheni Memsahibu Dume!" Watu wakacheka. Mama akauma upindo wa kanga. Mimi moyo ulichemka, kaka, nikasema haya, za mwizi arobaini.

Mitwero nami nikaenda. Jeneza linatoka, nikajilaza kizingitini. Wakaniletea kuku, kama ilivyo ada. Ng'o! Nikasema kuku sitaki, namtaka karani aniambie ndugu yangu aliitwa nani. Akanong'ona. "Sisikii!" Jeneza la mama yake begani, jasho na machozi vinamtoka, akapaza sauti: "Hamisi bin Saidi!" Safari hii hakucheka mtu. Nikainuka, nikakung'uta vumbi, nikawapisha.

Wanasema nimezidisha, msiba ni msiba. Thubutu! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimwonea huruma? Kidogo. Lakini utamu ulizidi. Na Mama, aliyekuwa akikutaja "marehemu" tu, sasa anasema Hamisi wangu.

Pumzika, kaka. Nakuahidi, siku atakayobebwa Athumani mwenyewe, nikiwa hai, jeneza lake litanikuta mlangoni. Siku hiyo jina lako watalitaja wanawe.

Mdogo wako,
Somoe