Mbegu Isiyochambuliwa

Kasese, 12 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Karambi? Mimi mzima, ila nimekonda kidogo. Usimwambie Baba kule Bwera, atafunga safari na mkungu mzima wa ndizi.

Nina ombi. Mradi ninaofanyia utafiti wangu wa shahada unakusanya mbegu za maharage ya milimani na kuziweka kwenye chumba cha baridi kali ili zisipotee, hata zikikaa miaka hamsini. Nilipomwambia msimamizi wangu, Dokta Gidioni, kwamba ulivuka mpaka kutoka Butembo na mbegu ya mama yako ndani ya kitenge, aliacha chai yake ikapoa. Anataka kilo moja.

Utauliza kuhifadhi maana yake nini. Hapa kila mtu ana jibu lake. Wa fizikia wanasema nishati huhifadhiwa: hubadilika umbo, lakini jumla yake haipungui. Wa jenetiki wanasema kilichohifadhiwa ni kile kipande cha urithi ambacho vizazi vimepita bila kukibadilisha. Wa mbuga wana mipaka yao, Dokta ana friji yake. Wewe nitumie kilo tu.

Mtoto wako,
Wivine

Karambi, 20 Januari

Wivine binti yangu,

Milele na milele, amina. Goti lipo, na linapanda mlima kukushinda wewe. Kula ushibe.

Hao wa mbuga nawajua: kuhifadhi kwao ni mimi kukaa nje. Hao wa friji siwajui, lakini mbegu ikikaa miaka hamsini bila kuona udongo, mimi naiita jela. Mbegu yetu haiuzwi, wala hanyimwi mtu. Mwanamke akiomba anapewa bakuli, na akivuna, naye anampa mwingine. Nagawa tangu nifike hapa mwaka 1998, sikumbuki nyumba ngapi. Mimi nahifadhi hivyo, na fizikia sikusoma.

Kilo nakutumia kwa sababu ni wewe. Sharti ni moja: msiichambue. Nyekundu, njano, nyeusi, zenye madoa, zote tunazipanda pamoja. Mvua ikizidi, hizi zinaoza na zile zinazaa. Jua likizidi, mambo yanageuka. Ukizitenganisha umebaki na rangi, mbegu huna.

Shangazi yako,
Consolée

Kasese, 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima, na ukiwa umekaa.

Nimeichambua mbegu yako, kwa mikono yangu mwenyewe. Fomu ya mradi inataka jina moja, rangi moja, pakiti moja. Zimepatikana pakiti kumi na nne. Rangi ambazo hazikufika punje ishirini zilihesabiwa kuwa uchafu, na mimi ndiye niliyezifagia.

Sitakudanganya kwamba nilisahau sharti lako. Nilikumbuka vizuri. Niliona aibu kumwambia Dokta, mbele ya wenzangu, kwamba shangazi yangu wa Karambi anajua kuliko fomu. Nisamehe.

Mtoto wako,
Wivine

Karambi, 16 Februari

Wivine,

Mimi mzima.

Ungesahau, ningekusamehe leo hii. Wewe uliona aibu juu yangu, basi kaa nayo. Usiniandikie mpaka nikuite.

Consolée

Kasese, 1 Juni

Shangazi,

Hujaniita, najua. Naandika hivyo hivyo. Baba amenipigia simu: mlima umeporomoka, shamba lako limekwenda na maharage yakiwa karibu kuvunwa, na ghala nalo limekwenda. Namshukuru Mungu hukuwa ndani. Hata punje moja ya mbegu haikubaki, amesema.

Nilimwendea Dokta nikamwomba akurudishie. Akasema, "Wivine, ile mbegu iko ya mradi sasa. Mukulima haiko kwa orodha." Wanaopewa ni watafiti wenye kibali.

Ufunguo wa chumba cha baridi ninao. Jumamosi nachukua pakiti zote kumi na nne nakuletea. Wakinifukuza, wanifukuze.

Mtoto wako, hata ukikataa,
Wivine

Karambi, 4 Juni, kwa mkono wa Nobert wa bodaboda

Wivine,

Hujambo? Mimi niko hai, na nina hasira, kwa hiyo ujue nimepona.

Thubutu! Hatukulea mwizi. Tena hizo pakiti nizifanyie nini? Ni rangi tu, nilikwambia.

Wiki mbili hizi nimezunguka na bakuli, goti na mimi. Nilianza kwa jirani yangu Feresita. Hakuniacha nimalize kusalimu: "Mama Consolée, hii maharagi ni ya kwako, twala, chukua." Nikashuka hadi Munkunyu kwa Yvette, ambaye tuligombana tukanyimana salamu miaka sita. Alinijazia bakuli, kisha tukalia wote wawili. Nyumba tisa zimenirudishia, na nyingine zina rangi ambazo mimi sikuwahi kuzitoa. Kipande cha chini cha shamba kimebaki, nitapanda Agosti. Mlima haukuniweza.

Usiibe. Fanya lililokushinda mwezi wa pili: sema, na wenzako wasikie.

Consolée

Kasese, 29 Juni

Shangazi,

Natumaini goti limepumzika. Mimi silali vizuri, lakini kichwa kiko juu.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa ripoti, na wageni walijaa. Nilitakiwa kutia sahihi chini ya maneno "Mbegu ya Karambi imehifadhiwa." Nikayakata, nikaandika langu, nikasimama nikalisoma kwa sauti: "Haikuhifadhiwa hapa. Mimi niliichambua, nikaivunja. Iliyo hai inalimwa na wanawake wa milimani, na shangazi yangu aliniambia mapema, nikaona aibu kusema."

Dokta akasema, "Futa hiyo."

Nikamjibu, "Sifuti, Dokta."

Ameniondoa kwenye mradi. Nitatafuta msimamizi mwingine, na nisipompata nitarudia mwaka. Nimelia sana, lakini sijuti hata kidogo.

Agosti nakuja kupanda. Ukinifungia mlango, nitapanda kwa Feresita.

Mtoto wako,
Wivine

Karambi, 3 Julai

Wivine binti yangu,

Feresita ana watoto wake. Jembe nimekutilia mpini.

Shangazi yako,
Consolée