Picha ya Komeo

Jumapili, 2 Novemba

Nimefika! Mji wa baridi, baridi ya kuingia mpaka kwenye meno. Nimekuja na lori la viazi, nimekaa mbele na dereva. Mkono mmoja usukani, mwingine mkate. Kwenye kona ndipo anapokumbuka kung'ata. Breki zikilia, anacheka. Dua zote nilizofundishwa utotoni nimezimaliza leo.

Na nyumbani hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za lori. Wameuliza kimoja tu: mlango wa chumba ukoje?

Si ajabu. Mama ana duka la makomeo, vitasa, kufuli na bawaba. Nimekulia juu ya sanduku la skrubu. Nilipomwambia naacha kaunta kwa miezi mitatu, nabeba shanta, naenda kuzurura nchi za watu peke yangu, alikwenda dukani bila kuniita. Nikajua kasusa. Jioni akarudi na kabari ya mpira, ile ya kuzuia mlango usisukumike, akanitia mkononi, akatoa sharti. Kila jioni nimtumie picha ya mlango umefungwa kwa ndani. Jioni isiyo na picha, anakuja mwenyewe. Nikamwambia Mama, pasipoti huna. Akasema hilo watajua wao huko mpakani.

Ya leo nimetuma. Kajibu hapo hapo: komeo ni la bati, weka na kabari.

Jumatatu, 3 Novemba

Mlima umeporomoka, barabara ya mbele imefukiwa na udongo. Hakuna gari linalopita. Nimekwama hapa mpaka waifungue — siku chache tu, wanasema, huku wanatazama pembeni.

Chumba changu ni cha mwisho, juu. Kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi (nimeukunjia kadibodi), sinki, dirisha la nondo linalotazama roshani. Na hita ya gesi, imebeba mtungi wake mgongoni kama mimi na shanta yangu.

Mama mwenye gesti kanionyesha namna ya kuiwasha. Lugha yake siijui, yangu haijui. Tunaelewana kwa mikono na vijineno vya Kiingereza ambavyo kila mmoja ameviokota kwao. Kawasha hita, kaenda dirishani, kalifungua kidogo, kaweka kidole kwenye mwanya. Hivi. Kidole kimoja. Hita ikiwaka, dirisha hivi. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa tatizo ni roshani. Ni ya wapangaji wote. Chumba cha pili yupo mwanaume mzima, mabuti yanakaribia magoti, nami nimeshambatiza: Buti. Kuvuta sigara kwake ni pale pale mbele ya dirisha langu. Eti niliache wazi! Nimelifunga, na pazia juu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemsimulia Mama habari za kidole. Nilitaka tucheke wote. Hakucheka. Kanitumia sauti, nyuma nasikia mteja anagombania bawaba:

"Mwanangu, sikiliza. Dirisha likiwa wazi, hilo komeo la mlango la nini? Nondo hazizuii kitu. Hujui wanapuliza dawa? Mtu analala kama gunia, hajui hili wala lile. Funga. Na pembeni uzibe."

Kweli, habari za kupuliza dawa tumezisikia tangu lini. Kila mteja aliyeibiwa huja dukani na hadithi hiyo hiyo: tulilala kama wafu, walipuliza. Nimekunja taulo, nimelishindilia kwenye mwanya wote wa chini wa dirisha. Nimeshindilia kwa ujuzi, mtoto wa dukani mimi. Hata baridi imekoma kupenya. Joto tamu!

Mjomba naye, kwenye grupu la familia, katuma klipu ya msichana aliyeamka hotelini hana figo. Wapi? Hajui. Lini? Hajui. Ila, mpwa wangu, ona mwenyewe. Nimemjibu zangu zipo zote, nimekagua.

Alhamisi, 6 Novemba

Kichwa. Nimeamka nacho kinagonga, na kichefuchefu juu. Nimejikokota mpaka sokoni kununua soksi nzito. Kuzungukazunguka kule, kikaisha chote, nikawa mzima kabisa, nikacheka na muuza soksi. Jioni nimerudi chumbani, nimewasha hita, nimejilaza — kimerudi.

Si homa. Sasa nini? Chai! Mama mwenye gesti huniletea chai bila kuombwa, asubuhi na jioni. Na kinywaji cha mtu usiyemjua, Mjomba ameshaimba mpaka sauti imemkauka. Chai ya leo jioni nimeimwaga kwenye sinki. Kikombe nimekirudisha na asante nyingi. Kanishika shavu. Nimejisikia vibaya, lakini ndiyo hivyo.

Halafu Buti. Kagonga asubuhi, moyo nusura unitoke. Nikauliza kuna nini, bila kufungua. Analalamikia kengele ya simu yangu. Inalia mno, kuta zenyewe karatasi, yeye analala mchana kwa sababu kazi yake ni ulinzi. Nikaomba radhi nikiwa nyuma ya mlango. Kengele! Kisingizio cha kumfanya mtu afungue hicho. Sifungui ng'o.

Picha imeenda. Mama: safi sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Chai sijaonja tangu jana na kichwa kipo pale pale. Basi si chai. Nimemsingizia mama wa watu.

Na yeye kaja kufagia, kaliona taulo. Kalitoa, kalikunja vizuri kitandani, kafungua dirisha. Kaninyooshea tu kidole, kile kile kimoja, kaniangalia muda. Alipotoka nimelirudisha taulo.

Nimekaa barazani kwao chini, kwenye hewa, kichwa kimepoa, nikawa nawaza. Tangu nitoke nyumbani, ni nani hasa aliyenidhuru? Hakuna mtu. Mbwa mmoja alinifukuza. Ila kuna siku ile kwenye maporomoko ya maji, nilisogea ukingoni nipige picha, jiwe likateleza, nikakamata mzizi. Chini kulikuwa mbali. Kisha nikaenda gesti, nikapiga picha ya komeo, nikatuma, Mama akasema Mungu mkubwa, siku nyingine imepita salama.

Sikumwambia. Hakuuliza. Mama huuliza ya mlango, nami hujibu ya mlango. Lori je? Maji ninayokunywa? Ukingo? Hayo hayana picha, basi ni kama hayapo. Na mimi mwenyewe nikishatuma ile picha huwa najiona nimemaliza kazi ya kujilinda kwa siku hiyo. Nitalifikiria vizuri nikipona.

Jumamosi, 8 Novemba

Sikutoka. Mvua. Kichwa kizito, miguu si yangu. Hita inawaka tangu asubuhi.

Habari njema — barabara inafunguliwa kesho, dereva wa viazi ananipitia asubuhi na mapema. Nimetega kengele, sauti ya mwisho kabisa. Buti atanisamehe.

Picha nimetuma. Mama kasema lala mwanangu. Mistari hii inapanda mlima, sijui kwa nini

Jumapili, 9 Novemba

Naandikia zahanati.

Niliyoambiwa ni haya, maana mimi sikumbuki chochote. Kengele ililia. Ikaendelea kulia. Buti, ametoka lindoni hana hata saa kitandani, akaja kugonga kwa hasira. Akagonga, akatukana, kengele inalia tu. Hapo hasira ikageuka hofu. Akamwita mama mwenye gesti. Kaja na rundo la funguo — ufunguo utafanya nini kwenye komeo la ndani? Mama wa watu kazunguka roshani, kavunja kioo cha dirisha kwa mpini wa ufagio, lakini nondo zile, hapiti mtu. Buti akapiga mlango bega. Komeo likang'oka. Mlango haukwenda. Kabari! Kabari ya Mama, mpira wa daraja la kwanza, wateja wote tunawaapia kwamba haisogei. Na haikusogea. Buti kapiga na kupiga mpaka bega limeteguka, ndipo mlango ukapasuka. Nilikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza. Wakanitoa roshani. Roshani ile ile niliyokuwa naiogopa.

Hita, kumbe. Ikiwaka kwenye chumba kilichozibwa inatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina moshi. Kichwa kinauma, mtu analala, basi. Daktari kauliza taratibu kama dirisha halikuwa na mwanya. Nikatikisa kichwa. Kasema ingepita hata nusu saa nyingine… hakumalizia.

Kwetu hita hakuna. Joto sisi tunalikimbia. Tunajua makomeo.

Nimelia sana. Nililia kwa sababu ya lile taulo, nilivyolishindilia kwa ufundi na kujisifu.

Buti kaja kuniona mchana, mkono umening'inizwa kwa kitambaa. Kasimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Nikawa natafuta neno la kumshukuru, machozi yakaniwahi. Yeye kasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga:

"Hiyo kengele yako, binti. Usiipunguze."

Akaondoka na mabuti yake. Ni mtu wa umri wa Mjomba. Sikuwahi hata kumtazama usoni.

Jioni ikafika. Picha. Ningetuma nini? Zahanati haina komeo, ina pazia. Nikatafuta kwenye simu, nikatuma komeo la gesti ya wiki iliyopita. Nimempa Mama usingizi, nikajiambia. Hakujibu. Atakuwa kalala mapema.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakulala.

Asubuhi nimekuta ujumbe wake: "Hili ni la ule mji wa mto. Lina skrubu nne. La huko lina tatu, na moja imekaa upande. Nionyeshe la huko."

Nilifikiri ninamdanganya nani? Mwanamke anayetambua komeo kama wengine wanavyotambua watoto wao!

Grupu la familia limechafuka. Mjomba anasema simu sinayo mimi, anayo mtu mwingine, ndiye anayetuma picha za zamani. Ananitega kwa maswali: jina la paka wetu aliyekufa? Nimejibu. Kasema hilo hata mateka anaweza kulazimishwa kujibu. Na Mama? Duka hajafungua leo, shangazi ndiye kanidokeza pembeni. Tangu nizaliwe duka halijafungwa siku ya kazi, hata siku aliyonizaa alifungua asubuhi.

Zahanati wameniruhusu. Mama mwenye gesti kanipa chumba kingine, chini, cha karibu na jiko lake. Chai kaleta. Nimeinywa yote mbele yake, nimeomba nyingine.

Kisha nimepanda kule juu kuchukua shanta. Chumba kimeachwa kilivyo. Fremu imechanika, komeo linaning'inia kwa skrubu moja, ile ya upande. Kabari iko katikati ya chumba, haina hata mkwaruzo. Mtu yeyote wa dukani kwetu akiuona mlango huu atasema neno moja: umevunjwa kutoka nje. Mama ataliona kabla hajatafuta miwani. Hicho ndicho kitu alichokuwa anakiogopa kila jioni, na sasa mimi ndiye wa kumpelekea.

Nimepiga picha. Chini yake nimeandika: ni mimi kweli, niko mzima, nilizidiwa na hewa ya hita nikaanguka, jirani kavunja mlango kuniokoa.

Dirisha sikulitaja. Nililifunga mwenyewe kabla hata sijamsimulia, na Jumatatu ile nimeandika humu. Lakini Mama hatalihesabu hivyo. Ninamjua. Ataitafuta ile sauti yake kwenye simu, ya mteja anayegombania bawaba, ataisikiliza. Kisha ataisikiliza tena. Kila atakayeingia dukani kununua komeo atamkumbusha. Nani kasema ni lazima ajue? Mlango anaweza kuubeba. Dirisha, sidhani.

Nimetuma.

Tiki mbili. Anaandika. Kaacha. Anaandika. Kaacha. Mtu ambaye komeo hulitolea hukumu kabla sijaweka simu chini!

Kaandika: "Na dirisha, mwanangu?"

Nimekaa ukingoni mwa kitanda na hilo swali. "Lilikuwa wazi, Mama" — uongo wa maneno machache tu, yameshaandikwa, bado kuyatuma. Buti yuko roshani, anavuta kwa mkono wa kushoto. Kanitazama kati ya nondo, kaniuliza kwa kichwa kuna nini.

Simu inaita. Ni yeye, anataka video.

Nyuma yangu dirisha halina kioo. Vipande viko sakafuni, na taulo bado limeshindiliwa pale chini, hakuna aliyeligusa. Nigeuke, nikae upande wa mlango? Nako kuna komeo.

Inaita bado.