Kiti Kina Mwenyewe

Sendai,
Jumatano, mvua inanyesha

Kwako dada yangu mpendwa Sawako,

Pokea salamu zangu tele, wewe, shemeji na wanao. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na mama, bado anakataa kupumzika? Figili za moshi ulizonitumia zimefika salama, na nyumba nzima inanukia jiko la nyumbani Akita. Mimi naendelea, ila nina jambo limenikaa kooni, na kama sikulitapika kwako sijui nilitapike wapi.

Jumapili bendi yetu ilipiga kwenye ukumbi wa Mama Tokie, ule wa chini ya duka la viatu, ulikokuja ukalalamika joto. Tulikuwa bendi nne. Desturi zetu unazijua: ukiingia unamwamkia kila mtu habari za asubuhi, hata kama jua linazama. Bendi itakayofunga onyesho ndiyo inayojaribu vyombo kwanza. Na seti ya drams ni moja kwa wote. Kila mpigaji huja na pedali na ngoma yake ndogo tu. Kiti, stendi na matoazi tunaachiana. Ukimaliza zamu yako unaondoa vyako mbio, hata jasho hujafuta, maana mwenzako anasubiri. Halafu wenzako wakipiga, unasimama ukumbini unawasikiliza. Asiyefanya hivyo hana adabu, na sifa zake hufika mji wa pili kabla yake.

Sasa kuna huyu Bwana Okuda, mpiga drams wa bendi iliyofunga onyesho. Mrefu, mpole, kauli yake ya chini. Dada, mimi upole wa kupita kiasi unanitia shaka. Mtu akikuinamia mara moja ni heshima. Akikuinamia mara tatu, tazama mkoba wako. Alikuja na boksi la keki za mchele akatugawia wote, na mimi akanipa kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuposa.

Alipomaliza kujaribu vyombo, zamu ikawa yetu. Nikaenda kukaa, nikashtuka. Kiti kilikuwa kimeshushwa hadi kimo changu hasa. Toazi kubwa limesogezwa kulia, ninavyopenda mimi, na yeye mwenyewe halipigi pale. Sikuwa nimegusa kitu bado! Nikajiuliza, huyu kanipima lini? Nikageuka, nikaona na ile spika yangu ya jukwaani, ninayowasikilizia wenzangu, ambayo kila siku hukaa kushoto kwangu, imehamishiwa kulia. Nikamuuliza fundi mitambo, akasema eti Bwana Okuda ndiye aliyeomba. Nikamwambia kwamba Bwana Okuda siyo mume wangu. Fundi akacheka. Mimi sikucheka.

Tulipokuwa tunajaribu, Okuda alisimama mbele akiikodolea macho mikono yangu mwanzo mpaka mwisho, yake ameikunja. Baadaye nikatoka kwenda msalani, nikamkuta kwenye ujia na Mitsuki wetu, mwimbaji na mpiga gitaa niliyepiga naye miaka minane, wananong'ona. Waliponiona wakanyamaza. Mitsuki akaanza kunisifu viatu. Viatu, dada! Vya mwaka juzi!

Nikamvuta Riho wa besi pembeni nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, eti mimi siku hizi nimekuwa mtu wa kuhisi hisi tu. Lakini macho yake yalikuwa sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilielewa palepale: mwezi wa Oktoba tuna ziara ya miji mitano, ziara kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na hawa wawili wanataka kiti changu akalie Okuda.

Nikapanda jukwaani na hasira zangu. Nikuambie kweli, sijapiga vile tangu mwaka uanze. Sauti ya Mitsuki niliisikia neno kwa neno, na kila alipovuta pumzi nilikuwepo. Watu waliruka hadi dari ikadondosha vumbi. Nikajisemea, haya, nitoeni sasa tuone.

Kisha nikafanya utoto. Zamu yetu ilipokwisha sikuondoa ngoma yangu. Nilikaa palepale nikifungua skrubu moja moja kama fundi saa, Okuda amesimama kando amebeba vyake, dakika zinaliwa. Kiti nikakiacha kimelegea. Stendi nikaziacha hovyo. Yeye akasema asante kwa kazi nzuri, akainama, akaanza kukaza. Na wakati bendi yake inapiga, sikusimama ukumbini kusikiliza. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, nikatafuna tonge langu la wali kwa kiburi. Mama Tokie alipita akanitazama, akatikisa kichwa. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Alipomaliza, Okuda akanifuata pale pale. Nilijua anakuja kunisema. Akaomba ruhusa ya kukaa, na akazunguka akakaa kulia kwangu. Akaniambia kwamba Mitsuki kweli amemwomba apige nasi ziara ya Oktoba. Yaani sikuwa nimeota! Nikafungua mdomo nimtukane, akanyanyua mkono, akaniomba nimalize kumsikiliza. Akasema hajamjibu Mitsuki ndiyo wala hapana, kwa sababu kiti kina mwenyewe, na mwenyewe hajaulizwa. Alimwambia Mitsuki aje aniambie, Mitsuki akaogopa. Basi amekuja yeye.

Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba mwezi wa tatu tulipopiga pamoja Yamagata alinisalimu mara tatu nikampita kama nguzo. Akadhani nina maringo. Alipokuja kukaa kwenye drams baada yangu ndipo alipoelewa: kila kitu nilikuwa nimekivuta upande mmoja, na spika ya kushoto nimeipa mgongo. Akasema ndiyo maana leo aliihamisha. Hakutaka kunifedhehesha mbele za watu kwa kuniuliza.

Dada Sawako, nimezunguka sana, sasa nakuambia. Sikio langu la kushoto halisikii. Lilizimika Januari, asubuhi moja tu, kama mtu kazima taa. Daktari alisema hilo limekwenda, na kwamba nikiendelea kukaa kwenye kelele naweza kulipoteza na la kulia. Aliniambia niache. Nikamwitikia vizuri, nikamshukuru, na jioni yake nikaenda mazoezini. Sikumwambia mtu. Wewe nilikuambia kwenye simu kwamba nina mafua.

Na wenzangu walikuwa wanajua! Riho alikiri baadaye, analia. Tangu majira ya kuchipua walikuwa wanasimama kulia kwangu, wanapiga mguu chini nione mdundo, wananifunika kila nilipochelewa. Wote wawili walikuwa wananistahi. Hakuna aliyethubutu kunikosea adabu kwa kuniambia ukweli, na adabu yao hiyo ilikuwa inaniulia sikio la pili. Nimewakasirikia, nawapenda, sijui nianze na lipi.

Pale kwenye ngazi nilimaliza tonge langu punje kwa punje. Okuda hakunihimiza. Mwishowe nilimwambia kaa wewe. Maneno mawili tu, dada, na mimi sijazaa, lakini uchungu wa kuzaa nadhani sasa ninaujua. Akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Safari hii sikumtilia shaka.

Basi ziara ya Oktoba wataenda bila mimi, na mimi nitakuja nyumbani. Naomba umwandae mama kabla sijafika, usimwache agundue mwenyewe. Mwambie asinililie, na asinipigie kelele kama kiziwi wa soko. Anikalie upande wa kulia tu, azungumze polepole kama anavyozungumza, kwa sababu sikio hilo moja lililobaki nataka nilijaze kwa sauti yake.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na uniombee ujasiri wa kupanda treni.

Ni mimi mdogo wako,
Chizuru